Tathmini ya kliniki tembezi ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi

Huduma ninayoitathmini ni kliniki tembezi iliyopiga kambi kwa siku mbili katika zahanati ya kijiji tunachoishi. Nilikwenda na mama mkwe wangu, mimi nikiwa na miaka 36 na yeye akiwa amevuka 60, na tofauti hiyo ya umri ndiyo iliyonifunulia ubora wa huduma hii pamoja na upungufu wake.

Elimu iliyotangulia vipimo ilikuwa nzuri sana. Muuguzi alieleza kwa lugha nyepesi kwamba karibu saratani zote za aina hii husababishwa na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, kwamba mara nyingi mwili huviondoa wenyewe, na kwamba vikidumu mwilini ndipo seli hubadilika polepole, kwa kawaida kwa miaka 15 hadi 20, mpaka ziwe saratani. Hapo waliokuwa wakisema kwamba asiyeumwa hana haja ya kupimwa walipata jibu lao. Alisisitiza pia kwamba kukutwa na virusi si ushahidi wa uzinzi, kwa kuwa vinaweza kukaa kimya kwa miaka mingi. Naamini kauli hiyo iliwatoa woga wengi, maana wanawake wa kijijini huogopa kusemwa kuliko wanavyoogopa kipimo.

Mimi nilipimwa kwa siki. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha huangalia kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Kifaa cha kupanulia uke kilinisumbua kidogo, jambo ambalo ningependa tuambiwe mapema. Jibu nilipewa pale pale, na mwenzetu mmoja aliyekutwa na mabadiliko ya awali alitibiwa kwa joto siku hiyo hiyo. Kwa mtu aliyetembea saa mbili na kuacha watoto nyumbani, hilo lina thamani kubwa kuliko barua ya kumpeleka hospitali ya mbali.

Mama mkwe hakupimwa kwa siki, kwa sababu kwa aliyekoma hedhi eneo linalotakiwa kuangaliwa huwa limerudi ndani. Alipewa kijiti chenye pamba, akajichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia, na heshima hiyo ilimfurahisha. Kipimo hicho cha HPV ndicho Shirika la Afya Duniani linachokipendekeza kwanza, kuanzia miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na VVU. Tatizo ni kwamba sampuli ilipelekwa maabara na jibu likachukua wiki tisa, tena baada ya mimi kufuatilia mara tatu. Daftari lilikuwa na nafasi ya namba ya simu tu, ilhali wengi wetu hutumia simu ya mume au ya jirani. Mwanamke mwenye virusi ambaye jibu halikumfikia amepimwa daftarini tu, na kosa hilo siwezi kulisamehe kirahisi.

Jibu la mama mkwe lilionyesha hana virusi. Kliniki ikirudi nitawahimiza wenzangu waende, ila kabla ya kutoa sampuli kila mmoja aulize jibu litamfikia kwa njia gani, na akikutwa na tatizo atatibiwa wapi na lini.