Miezi minane na programu ya kujenga sentensi: Kijapani wamekitendea haki, Kiswahili bado

Nimekaa na hii programu ya simu miezi minane sasa, karibu kila usiku kabla ya kulala, kwahiyo ninachosema hapa nimekitumia mpaka nimekizoea. Haikufundishi salamu wala majina ya vitu, kazi yake ni moja tu, sentensi inavyojengwa. Unapewa maneno kwenye vibao vya rangi, mtendaji ana kibao cha bluu, kitenzi chekundu, anayetendewa kijani, unaviburuta na kidole mpaka sentensi ikae sawa kwa lugha uliyochagua, ukikosea kibao kinatikisika kinarudi chini. Basi. Na wazo lenyewe ni zuri sana, mimi nilikuwa sijaona mtu akifundisha grama namna hii.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba wanatumia sentensi ileile moja kwa lugha zote. Mbwa amemng'ata mtu. Kwa Kiingereza ni "the dog bit the man", ukigeuza ikawa "the man bit the dog" tayari mtu ndo kang'ata mbwa, maneno ni yaleyale ila nafasi imebadilika. Ukienda Kilatini, "canis hominem momordit" na "hominem canis momordit" zote mbwa ndo kang'ata, maana ile -em ya mwisho imeshakwambia nani kang'atwa hata umweke wapi. Kijerumani alama inakaa kwenye kale kaneno ka mbele, "der Hund" na "den Mann", kwahiyo unaweza kusema "den Mann biss der Hund" na mwenye kidonda bado ni mtu. Kituruki wanabandika mwishoni mwa jina, "köpek adamı ısırdı", alama ni ile ı ya mwisho kwenye adamı. Kijapani wana vineno vidogo vinavyokuja nyuma ya jina, "inu ga hito o kanda", ga inamfuata mng'ataji, o inamfuata mng'atwaji. Ukizipitia zote kwa mkupuo unaelewa kitu ambacho mimi shule nzima sikuambiwa, kwamba kila lugha lazima itafute njia ya kusema nani kamfanya nani, kuna inayotegemea nafasi na kuna inayotegemea alama.

Wana na kipande cha historia hapo, kifupi ila kimetulia. Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita kilikuwa na alama kama Kijerumani, mbwa anayeng'ata anaitwa "se hund", mtu anayeng'atwa anaitwa "þone mann", baadae zile sauti za mwisho wa maneno zikafifia, vineno vyote vikaishia kuwa "the", nafasi ndo ikabebeshwa kazi yote. Mabaki yapo mpaka leo kwenye he na him, we na us. Mimi hizo he na him nilikariri tu kama orodha, leo ndo najua kwamba ni mabaki ya mfumo mzima.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana hicho ndo kimenifanya nikae kuandika.

Kwenye Kituruki programu inakata kitenzi vipande vipande, kila kipande na kibao chake kidogo. Neno "görmedim" wanakuonyesha gör ni ona, me ni kukanusha, di ni wakati uliopita, m ni mimi. Safi kabisa. Afu unafungua Kiswahili, unakuta "hatukukiona" kimewekwa kibao kimoja chekundu, kizima, kama vile ni "saw" tu. Jamani. Ndani ya hilo neno kuna ha ya kukanusha, kuna tu ambayo ni sisi, kuna ku ya wakati, kuna ki ambayo ni kile kitu, afu ndo ona. Kiingereza kinahitaji maneno matano kulisema, "we did not see it". Ni sentensi nzima hiyo! Na ukiiweka pembeni ya Kituruki unaona ni kama mtu na kioo, sisi "sikuona" tunapanga vipande kabla ya mzizi, wao "görmedim" wanavipanga baada ya mzizi, kazi ni ileile. Mtu anayeongea Kiswahili anaweza kukielewa kitenzi cha Kituruki kwa jioni moja kama angeonyeshwa hivyo, lakini programu inampitisha kwanza kwenye Kiingereza, ambako neno la namna hiyo halipo, anafika amechoka.

Na kwa sababu kitenzi chetu hawajakikata, mpangilio nao wanaukosea. Nilijenga "Kitabu amekisoma mtoto". Kibao kikatikisika, kikarudi, ujumbe ukaja kwamba mtendaji lazima aje kwanza. Sio kweli! Sentensi hiyo kila siku tunaisema, mtu akiuliza hiki kitabu nani kakisoma utamjibu hivyohivyo, na hakuna atakayeelewa kwamba kitabu kimemsoma mtoto, kwasababu a ni ya mtoto na ki ni ya kitabu, kitenzi kimeshamaliza ugomvi. Cha kushangaza ni kwamba kwenye sentensi yao ya mbwa na mtu wako sahihi ila sababu hawaijui. "Mbwa amemng'ata mtu", hapo mbwa ni a, mtu ni m, ukigeuza mtu awe mtendaji naye anachukua a na mbwa anachukua m, kwahiyo kitenzi hakibadiliki hata herufi, hakiwezi kukusaidia, lazima utegemee nafasi kama Mwingereza. Yaani Kiswahili kinatumia njia zote mbili, upatanisho pale majina yanapokuwa ya ngeli tofauti, nafasi pale yanapofanana. Hilo ndo somo lililotakiwa kuwepo na lingekuwa somo tamu kuliko yote kwenye programu, nimelitafuta kila levo, halipo.

Kosa lingine ambalo limeniuma linahusu mtu wetu anayejifunza Kiingereza. Wengi tunaandika "the book which I read it". Programu inaweka nyekundu kwenye "it", inasema neno limezidi, imetoka hiyo. Limezidi kwanini? Kwasababu kwetu "kitabu nilichokisoma" ile ki ya kitabu inabaki ndani ya kitenzi na sentensi haina shida yoyote. Kiarabu vilevile, "alkitabu alladhi qara'tuhu", ile hu ya mwisho ni hiyohiyo "it". Kiingereza ndo kinaacha pengo pale, which imeshachukua nafasi ya kitabu hivyo ukiweka it unakuwa umekitaja mara mbili. Ukimwambia mwanafunzi hivyo mara moja hatarudia, ukimwekea tu nyekundu atarudia mwaka mzima, mimi ni shahidi. Na masomo ya Kiarabu wanayo humohumo ndani, walishindwa nini kuunganisha?

Kijapani ndo wamenipa raha, ila hata hapo raha nyingine nimejitafutia mwenyewe. Kuna levo wanafundisha sentensi kama "ame ni furareta" na kwenye maelezo wanaonya kwamba hii ni sehemu ngumu, Kiingereza hakina kitu cha namna hii, usikate tamaa. Nikaisoma, ame ni mvua, furareta ni kitenzi cha kunyesha kikiwa kimetendewa. Nikasema ngoja, hii si ndo nimenyeshewa? Nikaendelea, "keitai o nusumareta", nimeibiwa simu. "Chichi ni shinareta", nimefiwa na baba. Nilikaa kitandani nikarudia hizo sentensi tatu labda mara kumi. Lugha mbili ambazo hazina undugu wowote, moja kitenzi kinakaa katikati nyingine kinakaa mwisho, lakini zote mbili zimeona kwamba mtu aliyepatwa na jambo anastahili kuwa mwenye sentensi, hata kama jambo lenyewe ni mvua au kifo cha mtu mwingine. Mwingereza kwa mvua anaweza kusema "I was rained on", ila kwa kifo hawezi. Neno "die" halina umbo la kutendewa, atasema tu baba yake amefariki, au kampoteza baba. Ndo maana tukitafsiri moja kwa moja tunasema "I was stolen my phone" tunachekwa, wakati inatakiwa "my phone was stolen", simu ndo inakuwa mwenye sentensi na wewe unabaki kwenye kale ka "my". Hili somo kwa Mswahili ni dakika tano. Programu imeliweka levo ya juu kabisa kwa sababu anayepimiwa ugumu ni Mwingereza.

Kuna na hii, "hon wa kodomo ga yonda", hon ni kitabu, kodomo ni mtoto, yonda ni amesoma. Ile wa wanaeleza kwamba inatangaza jambo linaloongelewa. Kwetu ni "kitabu, mtoto amekisoma", tunakitanguliza kitabu tukituliza sauti kidogo afu habari inafuata. Maelezo yao kwa Kiingereza yamechukua kurasa tatu za skrini.

Kijerumani sina malalamiko makubwa. Zoezi la kuhamisha kitenzi liko vizuri mno, unasema "heute lese ich ein Buch", leo imekaa mbele basi kitenzi kinashika nafasi ya pili na mimi nasogea nyuma yake, afu ukiweka "dass", yaani kwamba, kitenzi kinakimbilia mwisho kabisa, "dass ich heute ein Buch lese", unakiona kinaruka kwenye skrini. Nilikuwa nimesoma kanuni hiyo kwenye vitabu bila kuishika, kukiona kinaruka nikaishika.

Maswali ya Kiingereza nayo wamefanya vizuri, wanakuonyesha "did" inakuja inachukua ule wakati uliopita kutoka kwenye kitenzi inaondoka nao, saw inabaki see, ndo maana "did you saw" ni makosa, wakati umeshachukuliwa hauwezi kuwepo sehemu mbili. Sisi mara nyingi swali ni sauti tu, "umekiona", "umekiona?", kwahiyo hii did inatusumbua na maelezo yao ndo bora niliyokutana nayo.

Kuna ukurasa wa nyongeza unaoongelea utafiti wa mtaalamu wa lugha Joseph Greenberg wa 1963, yule aliyelinganisha lugha 30 akaona kwamba mpangilio wa kitenzi unaendana na mpangilio wa mambo mengine. Lugha zinazomaliza na kitenzi mara nyingi sana vineno kama kwenye na kwa huwa vinakuja nyuma ya jina. Wameweka mfano wa Kijapani "teeburu no ue ni", ukiusoma neno kwa neno ni meza, ya, juu, kwenye, anza kulia uende kushoto unapata cha kwetu, kwenye juu ya meza. Wameweka pia Kimalagasi, "mamaky boky ny mpianatra", anasoma kitabu mwanafunzi, mtendaji anakuja mwisho kabisa, na Kihixkaryana cha Brazili ambacho anayetendewa ndo anatangulia, afu kitenzi, afu mtendaji. Ukurasa huo nimeusoma mara nyingi kuliko masomo yenyewe na naomba wauongeze.

Vitu vingine kwa haraka. Inafanya kazi bila intaneti ukishapakua masomo, hiyo ni nzuri. Sauti za Kichina ziko chini sana hata ukiweka earphone. Notifikesheni ni nyingi, zima. Kichina chenyewe wamekigusa juujuu, sentensi fupi fupi tu.

Nimeipa nyota tatu. Kama unajifunza Kijapani, Kituruki au Kijerumani na Kiingereza chako kinatosha kusomea maelezo, chukua, utapata kitu, ila kaa na daftari pembeni uwe unaandika kila sentensi na ya Kiswahili chini yake maana programu haitakufanyia hiyo kazi. Kama unataka kumpa mgeni ajifunzie Kiswahili, usimpe kwa sasa, atatoka akijua maneno na akiamini kwamba "kitabu amekisoma mtoto" ni kosa.

Niliwaandikia. Niliikata "hatukukiona" vipande vitano, nikaweka rangi zao wenyewe, bluu kwenye tu, kijani kwenye ki, nyekundu kwenye ona, nikawawekea na "görmedim" pembeni waone, nikaongeza na ile ya kunyeshewa. Wakajibu baada ya siku mbili, kwa heshima tu, kwamba wamewapelekea wanaoandaa masomo. Zimeshatoka apdeti mbili tangu hapo, kila ikitoka naanza na Kiswahili kwanza, levo ya tatu, somo la kukanusha. Jana nimeangalia, kibao bado kimoja.