Gesti ya Mji wa Kale: mahali safi, feni bovu

Nimetoka Tanga na basi, Horohoro tukagonga paspoti, Likoni tukashuka kuvuka na feri kwa miguu (hulipi hata senti), saa kumi jioni nshafika Mombasa Mji wa Kale na begi mgongoni. Gesti yenyewe iko kichochoroni karibu na Fort Jesus, jina naliacha manake dada wa mapokezi mpole sana sitaki kumharibia.

Bei poa kweli na shuka safi, ila hiyo feni jamani! Inazunguka mara tatu inapumzika, neti ina tundu mtu kaliziba na fundo la uzi mwekundu, na maji ya bafuni ni ya chumvi, sabuni haitoi povu ng'o. Usiku wa kwanza nimelala kwenye paa.

Lakini asubuhi ukifungua mlango tu unakutana na mahamri ya moto na mbaazi za nazi, unakula, unatembea dakika chache uko ngomeni. Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaja kuichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, shuleni nilikariri tu, kusimama juu ya kuta zile za matumbawe na upepo wa bahari we acha. Jioni mzee wa kahawa kanisikia naongea, "Mwanangu, wewe wa Tanga?" kanijazia kikombe cha pili bure na kashata juu.

Ntarudi hapohapo, ila na feni yangu.