Hadubini ya shaba ya lenzi moja: miezi minne darasani

Walimu wenzangu wa baiolojia mmeniuliza sana kama kile kidude cha shaba kinafaa, basi naandika hapa mara moja. Ni nakala ya hadubini ya Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi: vibati viwili vidogo kuliko kiberiti, katikati vimebana kishanga cha kioo, na nyuma kuna sindano inayosogezwa kwa skrubu. Hakuna mrija wala meza. Unaishika mkononi, unaisogeza hadi kope ziguse bati, unaelekea kwenye mwanga wa dirisha. (Siyo jua lenyewe! Maelezo yaliyokuja nayo hayasemi hivyo, na yalipaswa kusema.)

Aliyeitengeneza anasema inakuza mara 200 hivi. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba kwenye ngozi ya kitunguu iliyotiwa iodini, kiini cha seli kinaonekana wazi, doa la kahawia lililojibanza ukutani.

Ila kilichonifanya niipende ni pilipili manga. Mwaka 1676 Leeuwenhoek aliiloweka kwenye maji akitaka kujua ukali wake unatoka wapi, akakuta maji yamejaa viumbe. Mwaka uliofuata Robert Hooke, yule aliyeziita seli kwa jina hilo mwaka 1665 baada ya kuona vyumba vitupu kwenye gome la kizibo, alirudia jaribio hilo London mbele ya wanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko, nao wakaviona.

Sisi tuko Muheza, Tanga, pilipili za milima ya Amani haziko mbali. Tukaziloweka kwenye maji ya mvua. Wiki ya pili nikavuta tone kwenye kimrija cha kioo, nikakigandisha kwenye sindano kwa nta, nikampa binti mmoja wa Kidato cha Kwanza. Akatulia muda mrefu, pumzi ameibana. "Mwalimu, kuna kitu kinazunguka. Kimeondoka... kimerudi!" Wenzake wakaanza kumvuta sketi, naye hakubanduka.

Siku zote tunakimbilia Schleiden 1838 na Schwann 1839, waanzilishi wa nadharia ya seli (kwamba viumbe hai vyote vimeundwa kwa seli), watoto wanakariri majina na miaka, mtihani ukiisha yameyeyuka. Safari hii waliniuliza wenyewe: kama viumbe vilionekana zamani hivyo, mbona nadharia ya seli ilichelewa zaidi ya miaka 150? Tukatumia kipindi kizima kueleza kwamba hadubini za lenzi mbili za enzi hizo zilitoa picha za ukungu zenye kingo za rangi, na lenzi moja nzuri kama ya Leeuwenhoek ilihitaji mkono na jicho la kipekee.

Kasoro zipo. Skrubu ya kupandisha sindano inalegea, nimeizungushia uzi. Anatazama mtu mmoja tu, na darasa langu lina wanafunzi 52, kwa hiyo kipindi kimoja kinatosha watu kumi hivi. Vimrija vya kioo vya kuwekea maji vilikuja vitatu, kimoja kimevunjika, na muuzaji hakujibu ujumbe wangu. Pia haichukui nafasi ya hadubini ya maabara kwa mitihani ya vitendo. Asiyekuwa na ile, aanze na hii.

Nililipa shilingi 180,000 pamoja na usafiri. Nyota nne. Nimeagiza ya pili, na vimrija kumi vya akiba.