Bresi ya Goti Yenye Bawaba: Tathmini Baada ya Wiki Kumi na Mbili

Tathmini hii namwandikia mtu aliyeagizwa na daktari kununua bresi ya goti yenye bawaba, yaani kifaa cha kufunga mguuni ili goti lisikunjike kupita kiasi, akafika kwenye duka la vifaa tiba na kuoneshwa, pembeni yake, soksi ya goti ya kuvutika ambayo bei yake haifiki hata sehemu ya kumi ya bei ya bresi. Mimi nilianza na soksi. Niliteleza kwenye ngazi zilizolowa, mguu wa kulia ukajikunja chini yangu wakati huohuo nikiukaza ili nisianguke, na juu ya goti nikasikia mlio kama wa kamba inayokatika. Kwenye zahanati ya kwanza niliambiwa nimeteguka, nikapewa dawa ya maumivu na soksi hiyo, wala hakuna aliyeniambia nilale chali niunyanyue mguu ukiwa umenyooka. Angekuwepo wa kuniambia, angeona kwamba kisigino hakibanduki kitandani, kwa kuwa kano iliyo juu ya goti ilikuwa imekatika.

Kazi ya kunyoosha goti hufanywa na viungo vilivyofuatana kama mnyororo. Misuli minne ya mbele ya paja, ambayo kwa pamoja huitwa kwadrisepsi, huungana na kuwa kano moja nene inayoshika ukingo wa juu wa pia ya goti, ile ambayo wengine huiita kilegesambwa. Kisha kutoka ncha ya chini ya pia hushuka kano nyingine hadi kwenye kinundu kilicho mbele ya mfupa wa muundi, ambacho kila mtu anaweza kukipapasa kwa kidole. Pia yenyewe huisogeza kano mbele kidogo ya kiungo, na kwa sababu hiyo misuli hupata wenzo mzuri zaidi wa kuvutia. Kano ya juu hukatika zaidi kwa watu waliovuka miaka 40, na kisukari, maradhi ya figo na jongo huongeza hatari hiyo, ilhali ya chini huwapata zaidi vijana wa michezo. Wenzangu wa kijiweni waliponiambia kwamba nimeumia kama Ronaldo wa Brazil, niliwasahihisha: iliyokatika kwake Aprili 2000, Inter ikicheza na Lazio, ni kano ya chini. Mimi nina miaka 53 na kisukari, kwa hiyo wa kufananishwa naye ni Bill Clinton, aliyejikwaa ngazini huko Florida Machi 1997 akaumia kano ya juu.

Daktari wa mifupa alipoweka kidole juu ya pia aligusa bonde laini mahali ambapo palipaswa kuwa na kano. Nilifanyiwa upasuaji siku ya tano; kano ilishonwa kwa nyuzi zilizopitishwa ndani ya matundu yaliyotobolewa kwenye pia, na hapo ndipo kazi ya bresi ilipoanza.

Thamani ya bresi hii imo katika sahani ndogo iliyo kwenye kila bawaba, yenye tarakimu za nyuzi za pembe, ambayo huamua goti likunjwe hadi wapi. Goti linapokunjwa, pia ya goti huvutwa chini, na mshono huvutwa pamoja nayo. Ndiyo maana mwanzoni nilitembea kwa magongo bawaba zikiwa zimefungwa kwenye 0, kisha daktari akaniruhusu 30, na baadaye 60 na 90. Soksi ya kuvutika hubana ngozi na kutia joto, lakini goti likitaka kukunjika lenyewe haina uwezo wa kulizuia hata kidogo. Kwa kazi hiyo moja bresi niliipata imara: katika wiki zote hizo kufuli ya nyuzi haikuwahi kuteleza.

Kasoro yake kubwa niliigundua wiki ya tatu. Paja lisilofanya kazi hukonda upesi mno, na mikanda iliyokuwa imenibana barabara siku ya kwanza ikalegea, bresi ikawa inashuka kila nikitembea hadi bawaba zikakaa usawa wa muundi badala ya katikati ya pia. Mtaalamu wa mazoezi tiba alinichorea kwa kalamu mstari pembeni ya goti, akaniagiza niilinganishe bawaba na mstari huo kila ninaposimama, na akanifundisha kukaza paja kwa kusukuma taulo iliyokunjwa chini ya goti, hesabu ya kumi, asubuhi na jioni. Karatasi ya maelezo iliyomo kwenye boksi haina hata sentensi moja kuhusu jambo hili, na kwa bidhaa ya shilingi 180,000 huo ni uzembe.

Sifongo ya ndani hunywa jasho, na kwa joto la Dar es Salaam ilianza kunuka kabla ya wiki kwisha. Inabanduka, hivyo inafulika, ila huchukua siku nzima kukauka na duka haliuzi ya akiba. Mkanda wa juu ulipoteza mshiko kufikia mwezi wa pili, fundi cherehani akanishonea mwingine kwa shilingi 3,000. Anayekwenda kununua apimwe mzunguko wa paja na wa shavu la mguu akiwa amesimama, kwa kuwa saizi niliyochaguliwa kwa kukadiriwa kwa macho ilinilazimu kurudi dukani siku ya pili nikiwa kwenye magongo.