Vyuma vya Kukazia Bodi ya Mazda Roadster: Tathmini Kutoka Tanga

Seti ninayoitathmini ina vipande vitatu: chuma cha mbele kinachounganisha vichwa vya shokapu chini ya boneti, fremu ya chini ya sakafu inayofungwa kwa bolti kati ya vizingiti vya milango na uwazi wa katikati unaopitiwa na propela shafti, na chuma cha nyuma kinachokaa ndani ya buti. Imetengenezwa kwa ajili ya Mazda Roadster, gari dogo la viti viwili lenye paa la kukunjwa, ya toleo la pili, lililoanza kuuzwa mwaka 1998, nami nimefungiwa seti hiyo katika gereji moja ya Ngamiani, hapa Tanga. Fremu ya chini inastahili fedha niliyoitoa na zaidi, cha nyuma kinafaa kwa kiasi, na cha mbele singemshauri mtu akinunue kabla ya vile vingine.

Roadster haina chesisi iliyojitenga na bodi kama zile Land Cruiser za kazi tulizozizoea mkoani kwetu. Bodi yake ya mabati yaliyochomelewa ndiyo chesisi yenyewe. Gari la kawaida hupata sehemu kubwa ya ugumu wake kutokana na paa na nguzo zinazolibeba, na paa likiondolewa kinachobaki ni kama boksi la viatu lililotolewa kifuniko, ambalo ukilishika pande mbili na kulisokota linakubali bila ubishi. Upo mhimili mrefu wa alumini unaounganisha gia boksi na difu, na wenye magari haya wengi huudhani kuwa uti wa mgongo wa gari. Kazi yake ni kuzuia gia boksi na difu visijipinde dereva anapokanyaga mafuta, wala haukazi bodi.

Bodi inayosokoteka hugeuka kuwa springi ya ziada isiyo na shokapu ya kuituliza. Gurudumu moja likiingia shimoni, sehemu ya nguvu ambayo ingemezwa na shokapu hupita kwenye mabati, na dereva huiona katika dashibodi inayotetemeka, kioo cha ndani kinachotikisika na milango inayolia kwenye fremu zake. Kwa hiyo mtu anayebadilisha springi na shokapu akaweka ngumu zaidi huku bodi ikiwa laini, huongeza mtikisiko huohuo anaotaka kuuondoa.

Hapa ndipo fremu ya chini inapofanya kazi yake. Mabomba yake yamepangwa kwa pembetatu, na umbo la pembetatu haliwezi kubadilika pasipo mojawapo ya pande zake kurefuka au kufupika, ndiyo maana linapinga msokoto ambao chuma kimoja kilichonyooka hakiwezi kuupinga. Tangu ifungwe, kioo cha ndani kimetulia hata ninapopita polepole juu ya viraka vya lami vya mjini, na katika barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, ambako kona hufuatana bila kumpa dereva nafasi ya kupumzika, usukani unajibu mapema na kwa namna ileile kulia na kushoto. Uzito ulioongezeka uko chini kabisa ya gari, mahali ambapo madhara yake ni madogo.

Chuma cha mbele ni habari nyingine. Katika magari ambayo shokapu ndiyo inayoshikilia gurudumu upande wa juu, kichwa cha shokapu hupokea nguvu za pembeni kwenye kona, na chuma cha kuunganisha vichwa hivyo kina maana kubwa. Roadster ina mikono miwili inayoshikilia kila gurudumu kwenye bodi, wa juu na wa chini, na nguvu za pembeni hupitia mikono hiyo. Kichwa cha shokapu hubeba zaidi mzigo wa juu na chini. Isitoshe, chuma cha seti hii kimeungwa kwa viungo vya bolti moja kila upande, vinavyoruhusu kuzunguka, na ni cha alumini, ambayo kwa umbo na unene uleule ina takribani theluthi moja tu ya ugumu wa chuma cha kawaida. Kinapendeza boneti ikiwa wazi, lakini usukani haukuonyesha tofauti yoyote niliyoweza kuihisi.

Kuhusu rangi ninalo lalamiko la dhati: ni nyembamba, na kwenye kingo za vibati vya kufungia ilianza kubanduka mapema. Katika mji unaopulizwa na upepo wa chumvi hilo si jambo dogo, hasa pale alumini inapogusana na chuma, kwa sababu unyevu wa chumvi ukiingia katikati huharakisha kulika kwa alumini. Fundi aliondoa rangi iliyolegea, akapaka rangi ya kuzuia kutu kila tundu alilotoboa, akamalizia kwa kupuliza nta ndani ya vizingiti. Alikagua pia busha zote, yaani mipira ya kwenye viungo vya mikono hiyo ya magurudumu, kabla ya kushika spana, kwa kuwa busha zilizokufa huleta mlio na mtikisiko ambao hakuna fremu itakayouponya.

Zaidi ya yote nilipenda kwamba bolti zilikazwa kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Likinyanyuliwa kwa jeki bodi hupinda kidogo, na fremu ikikazwa katika hali hiyo huifunga bodi ikiwa imepinda. Gereji inayosema haina haja ya kufanya hivyo, mteja aiache.

Fremu hii hupunguza nafasi iliyopo kati ya sakafu na barabara, kwa hiyo mwenye gari lililokwisha kushushwa springi apime kwanza kama litavuka matuta ya mtaani kwake. Jeki isiwekwe kamwe kwenye mabomba yake. Iwekwe kwenye sehemu zilezile alizozitenga mtengenezaji wa gari.