Minofu ya kuku ya bucha la mtaani kwetu: nimelipia maji

Kuna bucha hapa Sinza linalouza kuku wa kisasa. Pasafi, friji hazizimwi, na minofu yao ya kidari inasifiwa na kila mtu. Mimi nawaambia, kama unataka kupika chakula chepesi cha jioni kwenye fraipani, minofu ile msiiguse.

Baba anakaa kwangu siku hizi, na daktari amemwambia apunguze chumvi kwa sababu ya presha. Nikaona nimpikie kitu rahisi: kidari kilichokatwa vipande vyembamba, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, mafuta ya alizeti kijiko kimoja, halafu hoho na karoti mwishoni zisilegee. Chumvi sikutia hata chembe.

Nyama ilikataa kukaangika. Ilitoa maji meupe yenye povu, yakajaa fraipani. Nikayamwaga, yakaja mengine. Nikaongeza moto, wapi! Nyama iliyolala kwenye maji haiwezi kupata rangi, kwa sababu maji yanachemka kwenye nyuzi 100, na ile rangi ya kahawia yenye harufu tamu inataka kama nyuzi 140 na kuendelea. Nilichopakua ni vipande vilivyosinyaa, vigumu kama raba. Baba akaonja, akaweka kijiko chini, akaniuliza: "Mwanangu, si tulikubaliana chumvi basi?"

Hapo nilipandwa na hasira. Maji peke yake ningesema ni barafu imeyeyuka, maana nyama ya friji lazima itoe maji kidogo. Lakini barafu haina chumvi. Wapo wauzaji wanaomdunga kuku maji ya chumvi azidi uzito kwenye mizani. Afrika Kusini jambo hili lilifika mbali hadi mwaka 2016 wakaliwekea ukomo: asilimia 10 kwa kuku mzima, asilimia 15 kwa vipande. Huku kwetu nimeuziwa mfuko mweupe usio na maandishi yoyote. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Mgonjwa atapimaje chumvi asiyojua kama ipo?

Nikarudi kuuliza. Kwa upole kabisa, nilimsalimia kijana wa kwenye mizani, nikamwambia: "Kaka, hii minofu mnaiweka nini?" Hakuniangalia hata usoni. "Dada, kuku wote wana maji. Kama kupika hujui, usitusumbue, watu wanasubiri." Watu kwenye foleni wakacheka. Kama angeniambia tu kwamba wanaletewa hivyo hivyo, ningeelewa na kuondoka.

Haki yao niwape: mapaja yao yenye mfupa ni mazuri kweli. Nilishayanunua kabla ya haya yote, nikayapika kwenye fraipani ile ile, ngozi chini, moto wa wastani, yakaiva hadi mfupani na kupata rangi vizuri. Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba bucha si baya, muepuke minofu tu.

Lakini nikimkumbuka Baba alivyosogeza sahani, na yule kijana alivyonijibu, hata hayo mapaja siyataki tena. Sasa namnunua kuku mzima sokoni, anachinjwa nikiona, na kidari nakitoa mwenyewe.