Picha za bure za Met, nimeprinti Paris ya karne ya 19 (uzoefu wangu)

Kama unatafuta picha za ukutani na umechoka na simba na machweo ya kila sebule, ingia tovuti ya makumbusho ya Met ya New York. Tangu 2017 kazi zao ambazo hakimiliki imeisha wameziachia bure, unachagua Open Access unadownload basi, hawakuombi kadi wala nini. Faili ni kubwa lakini, andaa bando.

Mi nilifuata picha za chapa za Paris. Charles Meryon ndo kanimaliza. Jamaa alikuwa afisa wa jeshi la majini, macho yake hayatofautishi rangi vizuri, basi akaachana na rangi akawa anachora kwa sindano kwenye bamba la shaba, asidi inakula ile mistari, wino unakaa humo, unagandamiza karatasi. Miaka ya 1850 Haussmann, mkuu wa mkoa, anabomoa mitaa ya zamani ya Paris, huku yeye anaichora. Le Stryge ya 1853 we acha tu, lile lidubwana la jiwe la kanisa kuu la Notre-Dame limeshika tama, ulimi nje, linaucheki mji na ndege weusi wanazunguka. Na wala si sanamu la kale, lilikuwa limewekwa juzijuzi tu wakati wa ukarabati!

Nikachukua na ya Mary Cassatt ya 1890 hadi 91, ndani ya omnibasi ya farasi. Mama kapendeza kageuza uso pembeni, yaya ndo anahangaika na mtoto, kama daladala ya asubuhi ila ina nafasi.

Kuprinti ndo kasheshe. Steshenari niliyoenda wakanitolea Meryon kwenye karatasi ya kung'aa, A3, mistari yote imevimba, wakati bamba lenyewe halifiki hata A5. Nilivyorudi nikadai karatasi nzito isiyong'aa na saizi ya asili, ikatoka safi sana, unasogea kuitazama kwa karibu. Mchoraji Toulouse-Lautrec ni kinyume chake, bango lake la ukumbi wa dansi wa Moulin Rouge la 1891 lilibandikwa barabarani, urefu karibu mita 2, ukiliweka A4 umelionea.

Met nyota 5, steshenari 2. Halafu tafuta kwa jina la msanii, ukiandika Paris peke yake utaletewa mpaka magauni na vijiko.